Je, mtu aliyezaliwa mpole anastahili sifa? Naomba maelezo kutoka mafundisho ya Kiyahudi

Mkazi wa Isevya, Tabora

Ndugu wanajukwaa, habari za jioni. Mimi ni mwalimu mstaafu, na kwa miaka mitatu sasa nimekuwa mwenyekiti wa kikundi cha kuweka na kukopa hapa mtaani kwetu. Tangu utotoni nimejulikana kwa upole. Mama yangu alizoea kusema kwamba mimi ni mtoto ambaye akinyang'anywa embe mkononi huenda kutafuta jingine badala ya kulia. Sikuwahi kuihesabu tabia hiyo kuwa sifa wala aibu mpaka mwezi uliopita.

Kanuni yetu inasema kwamba mwanachama akichelewa kuleta hisa zake anatozwa faini ya shilingi 2,000. Mimi nimekuwa nikiwasamehe waliochelewa, hasa katika miezi ya kilimo ambapo fedha huwa haba, na nilidhani kila mtu anaridhika. Katika kikao cha mwisho mweka hazina wetu, mama ninayemheshimu, alisimama akasema mbele ya wote kwamba upole wangu ni woga, na kwamba mwenyekiti asiyeweza kumwambia mtu neno gumu hafai kuongoza. Sikumjibu hata neno moja. Siku tatu baadaye alifiwa na shemeji yake, akatuma kijana kuja kuniomba turubai. Nililitoa papo hapo, nikalipeleka mwenyewe, na nikamwambia, waombolezaji wakisikia, kwamba alichukue tu kwa kuwa mimi si mtu wa kuweka mambo moyoni kama wengine. Niliona nimetenda wema, lakini mke wangu alinyamaza njia nzima ya kurudi nyumbani, na mpaka leo hajanieleza sababu.

Nina kundi dogo la kusoma Maandiko, lenye Wakristo na Waislamu, na kijana mmoja alituletea fundisho la marabi wa kale linalowagawa watu katika makundi manne kwa jinsi wanavyokasirika na wanavyoridhika. Aliye mgumu wa kukasirika na mwepesi wa kuridhika ndiye anayeitwa mcha Mungu. Nililifurahia, kisha likanitia mashaka. Ikiwa mtu amezaliwa hivyo, anasifiwa kwa lipi, hali hakufanya kazi yoyote? Tena, je, Wayahudi humtaka mtu awe mpole katika kila jambo, au upole nao una mpaka wake? Ninaomba majibu ya watu waliosoma mambo hayo, wala si ya kunifariji.

---

Msomaji wa Ujiji

Shikamoo Mwalimu. Nimesoma maandishi ya Kiyahudi kwa miaka kadhaa kwa mapenzi yangu tu, kwa hiyo nitaeleza ninayoyafahamu vizuri, na wenzangu wataongeza.

Fundisho alilolileta yule kijana limo katika sura ya 5 ya Pirkei Avot, sehemu ya Mishna inayokusanya maneno ya wahenga wa Kiyahudi. Mishna yenyewe, mkusanyo wa kale wa sheria na mafundisho ya marabi, ilikamilishwa karibu na mwaka 200 na Rabi Yehuda, aliyekuwa kiongozi wa Wayahudi katika nchi ya Israeli. Utaona kwamba fundisho hilo limeandikwa kwa lugha ya mfanyabiashara anayepiga hesabu: mwepesi wa kukasirika na mwepesi wa kuridhika, faida na hasara zake zinafutana, mgumu wa kukasirika na mgumu wa kuridhika, vivyo hivyo, na aliye mwepesi wa kukasirika kisha mgumu wa kuridhika ni mwovu. Sisi tunaosema tangu zamani kwamba hasira ni hasara hatuhitaji mkalimani hapo. Hata hivyo, Mishna haisemi kwamba mcha Mungu hakasiriki kamwe. Inasema ni mgumu wa kukasirika, maana yake hasira inambidi ipande mlima kabla ya kumfikia, na ikisha kumfikia haikai.

Neno la Kiebrania ambalo hapa tunalifasiri kwa mwepesi ni *noach*, na mzizi wake ni wa kutulia na kupumzika. Katika kitabu hicho hicho, sura ya 3, Rabi Hanina ben Dosa anafundisha kwamba mtu ambaye roho za watu hutulia kwake, roho ya Mungu nayo hutulia kwake. Kwa hiyo upole huu haupimwi kwa utulivu ulio ndani yako wewe peke yako. Unapimwa kwa pumziko ambalo wengine wanalipata wanapokuwa nawe.

Sasa nije kwenye swali lako la kwanza, na hapo sina budi kumtaja Hillel, mwalimu mkuu wa Kiyahudi aliyeishi Yerusalemu katika zama za Herode. Talmudi ya Babeli, yaani mkusanyo mkubwa wa mijadala ya marabi juu ya Mishna, katika kitabu cha Shabbat, inasimulia kwamba watu wawili waliwekeana dau la zuz 400, sarafu za fedha za wakati huo: atakayemkasirisha Hillel azichukue zote. Hizo hazikuwa fedha za mchezo, kwa kuwa Mishna inasema kwamba mwenye zuz 200 tayari hana haki ya kuokota masazo ya mavuno yaliyoachiwa maskini. Mmoja wao alichagua Ijumaa jioni, saa ambayo kila nyumba inahangaika kujiandaa kwa Sabato, na Hillel alikuwa akiosha kichwa. Akapita mlangoni akiita, "Nani hapa ni Hillel?", bila hata kutaja cheo chake. Hillel akajifunga nguo, akatoka, akamwita mwanangu, akamuuliza anataka nini. Yule mtu akauliza kwa nini vichwa vya Wababeli ni vya mviringo. Hillel mwenyewe alikuwa ametoka Babeli! Alijibu kwamba mwanangu ameuliza swali kubwa, na kwamba sababu ni kukosa wakunga hodari. Baada ya muda yule mtu akarudi na kuuliza kuhusu macho ya watu wa Tadmori, akajibiwa kwamba wanaishi kwenye mchanga. Akarudi mara ya tatu kuuliza kwa nini nyayo za Waafrika ni pana, akajibiwa kwamba wanaishi kwenye mabwawa ya maji. (Katika dola ya Roma jina hilo lilihusu kaskazini mwa bara, lakini mimi niliyekulia kando ya Ziwa Tanganyika nililisoma jibu hilo kwa kutabasamu.) Hatimaye mtu yule akasema kwamba ana maswali mengine mengi ila anaogopa kumkasirisha. Hillel akajifunga vizuri, akaketi mbele yake, akamwambia aulize yote. Ndipo yule mtu aliposhindwa, akalalamika kwamba amepoteza zuz 400 kwa sababu yake, na Hillel akamwonya aiangalie roho yake, akasema ni afadhali apoteze zuz 400 na 400 nyingine kuliko Hillel akasirike.

Habari hiyo inatanguliwa na amri: siku zote mtu awe mnyenyekevu kama Hillel, asiwe mkali kama Shammai, mwalimu mwenzake aliyebishana naye. Tabia ambayo mtu amezaliwa nayo tu haiwezi kuamriwa. Maimonides, rabi na mwanafalsafa aliyezaliwa Córdoba na kufariki Misri mwaka 1204, anakubali kwamba baadhi ya tabia mtu huzaliwa nazo, na nyingine hujifunza kwa watu au kwa fikra zake mwenyewe, lakini anasisitiza kwamba tabia hukaa moyoni kwa kurudia matendo yake mara nyingi mpaka yawe mepesi. Mahali pengine anatoa mfano wa sadaka: anayetoa dinari moja moja mara elfu hujifunza ukarimu kuliko anayempa mtu mmoja dinari elfu kwa siku moja. Katika karibu tabia zote yeye anapendekeza njia ya kati, ila kwa kiburi na hasira anamwamuru mtu ajitenge nazo mpaka mwisho kabisa.

Kuna neno jingine ambalo nadhani watu wa Tabora watalielewa kuliko watu wengi duniani. Uvumilivu kwa Kiebrania ni *savlanut*, na mzizi wake ndio uliozaa *sabal*, yaani mpagazi. Mababu wa Unyamwezi walibeba pembe na nguo kati ya Ujiji, Tabora na Bagamoyo, kila mmoja akiwa na mzigo wa kilo 30 hivi begani, na hakuna aliyesema kwamba mpagazi hastahili ujira kwa sababu amezaliwa na mabega mapana. Mvumilivu, kwa lugha hiyo, ni mtu aliyebeba kitu: neno baya alilotupiwa, ujinga wa mwenzake, kero ya mlangoni saa ya kuosha kichwa. Moshe Cordovero, rabi wa Safed katika Galilaya ya karne ya 16, anaanza kitabu chake cha maadili na Mungu mwenyewe akiwa mfalme anayetukanwa na kustahimili, kwa kuwa mtu anapotenda dhambi nguvu ya mkono anaoutumia bado inatoka kwa Mungu, wala Mungu haizuii.

Kwa hiyo Mwalimu, kuzaliwa mpole ni mabega tu. Kinachoulizwa ni umebeba nini.

---

Binti wa Gungu, Kigoma

Shikamoo Mwalimu, na ninamshukuru jirani yangu wa Ujiji. Ulisema hutaki kufarijiwa, kwa hiyo ninaomba radhi mapema.

Katika Talmudi, kitabu cha Yoma, marabi wanaifafanua amri ya Walawi 19:18 inayokataza kisasi na kinyongo, na mfano wao ni wa majirani wenye vyombo vya shambani. Mtu amemwomba mwenzake mundu, akanyimwa. Kesho yake yule aliyemnyima anakuja kuomba shoka, naye anajibu kwamba hampi kama alivyonyimwa. Hicho ni kisasi. Kisha wanauliza kinyongo ni nini. Mtu amemwomba mwenzake shoka, akanyimwa. Kesho yake mwenzake anakuja kuomba nguo, naye anampa, lakini anamwambia: "Hii hapa, mimi si kama wewe." Hicho ndicho kinyongo. Chombo kimetoka, lakini neno lililotoka pamoja nacho linaonyesha kwamba jambo halikutoka moyoni. Mwalimu, lisome tena ulilolisema pale msibani ulipokuwa ukikabidhi turubai. Nadhani mkeo alilisikia.

Kuhusu mpaka wa upole, kuna habari katika kitabu cha Megila. Wanafunzi wa Rabi Nehunya ben Hakana walimuuliza amefanya nini mpaka akajaliwa maisha marefu, naye akajibu mambo matatu: hakujipatia heshima kwa aibu ya mwenzake, laana ya mwenzake haikupanda naye kitandani, na alikuwa mwepesi wa kuachilia fedha zake. Talmudi inaeleza la pili kwa mfano wa Mar Zutra, ambaye kila alipopanda kitandani alisema kwamba amemsamehe kila aliyemsumbua, na la tatu kwa mfano wa Ayubu, aliyekuwa akimwachia muuza duka chenji ndogo iliyokuwa haki yake. Ninaomba uangalie neno *zake*. Sifa yote ya mtu mpole katika maandishi haya inatokana na kuachilia kilicho chake: heshima yake, haki yake, senti yake. Faini ya kikundi si yako. Ni ya yule mama anayeuza mgebuka tangu alfajiri ili hisa zake zifike kwa wakati, na unapoisamehe peke yako unakuwa mkarimu kwa mkoba wa mwingine. Torati hiyo hiyo inayomtetea maskini kila mahali inakataza katika Kutoka 23:3 kumpendelea maskini katika kesi yake, na sidhani kwamba iliandika hivyo kwa kukosa huruma.

Hata hivyo sitaki mweka hazina wenu aonekane hana kosa. Kumwonya mwenzako ni amri, tena imeandikwa mstari mmoja kabla ya ile ya kinyongo. Lakini marabi wanasema kwamba anayemwaibisha mwenzake mbele ya watu ni kama amemwaga damu. Alikuwa na neno la haki, akalisema mahali pasipo pake, kama wewe ulivyotoa turubai kwa haki na kulisindikiza na neno lisilo lake.

---

Mzee wa Malagarasi

Wanangu, mmesema vizuri, ila ninaona Binti wa Gungu ameuweka mpaka karibu mno. Upole si wa mali ya mtu binafsi tu. Katika kitabu cha Eruvin imeandikwa kwamba wanafunzi wa Hillel na wanafunzi wa Shammai walibishana miaka mitatu kuhusu sheria, kila upande ukidai haki, mpaka sauti ya mbinguni ikasema kwamba maneno ya pande zote mbili ni maneno ya Mungu aliye hai, lakini sheria ifuate upande wa Hillel. Talmudi inauliza sababu, na haijibu kwamba walikuwa na akili zaidi. Inajibu kwamba walikuwa wapole na wenye kustahimili fedheha, na kwamba walifundisha maneno ya wapinzani wao pamoja na ya kwao, tena wakitanguliza ya wapinzani. Jambo la watu wote, yaani sheria yenyewe, liliwekwa mikononi mwa wapole. Kwa hiyo Mwalimu asidhani kwamba kiti cha mwenyekiti hakimfai.

Ninakubali kwamba hawakubadilisha sheria ili kumfurahisha mtu. Walisikiliza, wakaamua, wakashika waliloamua. Na Maimonides aliyetajwa hapo juu anamruhusu mzazi, hata kiongozi wa jumuiya, aonyeshe uso wa hasira ili kuwarudisha watu kwenye mwenendo mwema, mradi ndani ya nafsi yake awe ametulia. Mwalimu aliyeshika chaki miaka mingi bila shaka anaujua uso huo.

Mimi ninaishi karibu na mto, na fundisho ninalolipenda ni lile la kitabu cha Taanit, kwamba mtu awe laini kama tete, asiwe mgumu kama mwerezi. Watu hulinukuu bila kisa chake. Rabi Elazar mwana wa Shimon alikuwa akirudi kutoka kwa mwalimu wake, amepanda punda kando ya mto, moyo umejaa kwa sababu amesoma sana. Akakutana na mtu mwenye sura mbaya aliyemsalimu, naye badala ya kuitikia akamuuliza kama watu wote wa mji wake ni wabaya wa sura kama yeye. Yule mtu akamjibu aende akamwambie Fundi aliyemuumba. Rabi akatambua amekosa, akashuka, akamwinamia, akaomba msamaha, akakataliwa, akamfuata kwa miguu mpaka mjini kwake. Watu wa mji walipotoka kumlaki rabi wao ndipo walipomsihi yule mtu asamehe, naye akasamehe kwa ajili yao, kwa sharti kwamba rabi asirudie. Ndipo Elazar alipoingia kufundisha habari ya tete, akasema kwamba kwa ulaini wake limejaliwa kuwa kalamu ya kuandikia Torati.

Nimeona mafuriko ya Malagarasi yakilaza matete yote, na maji yakipungua yanasimama tena pale pale, kwa sababu mizizi yake haikuachia udongo. Upole usio na mizizi huenda na maji.

---

Mkazi wa Isevya, Tabora

Marahaba wanangu, na shikamoo Mzee wa Malagarasi. Nimeyasoma majibu yenu mara tatu, na mara ya pili nilimsomea mke wangu. Nilipofika kwenye mundu na shoka aliacha kuchambua mchele, akaniangalia, akasema, "Ndilo hilo."

Nilikwenda kwenye daftari la kikundi nikahesabu faini zote nilizozisamehe bila kuuliza kikao. Ni 17, yaani shilingi 34,000. Ninazilipa kutoka kwenye hisa zangu, na nitawaeleza wanachama kwamba nimefanya hivyo ili kurudisha kilichokuwa chao, si kutoa msaada. Sikuwa nimewahi kutofautisha mambo hayo mawili. Nilikuwa nikiita upole jambo ambalo kwa sehemu lilikuwa ni kukwepa uzito wa kumwambia mtu kwamba anadaiwa, na katika hilo mweka hazina alisema kweli, ingawa neno lake liliniuma kwa jinsi lilivyosemwa.

Turubai lilirudishwa jana. Alilileta mwenyewe, likiwa limeoshwa na kukunjwa kuliko nilivyolipeleka. Nilimkaribisha ndani, nikamwomba radhi kwa maneno yangu ya msibani, na nikamwambia kwamba, kwa kuwa niliyasema mbele ya ndugu zake, nitakwenda siku ya arobaini kuyafuta mbele yao pia, akiniruhusu. Alikaa kimya kwa muda. Kisha akaniuliza kama kikao kijacho kinaweza kujadili upya faini za miezi ya kilimo, kwa kuwa naye anawaonea huruma wanaochelewa, ila alitaka huruma hiyo iamuliwe na wote. Nimemwambia aiweke ya kwanza kwenye ajenda.